Kidole Kinachosubiri Jibu

Mume wangu, Maalim kwa wanafunzi wake, alisomesha darsa barazani kwetu, hapa Mjambere, mpaka kiharusi kilipomchukua ulimi na miguu. Masikio na mkono wa kulia vilibaki, alhamdulillahi. Alikuwa na desturi moja ambayo kila aliyesoma kwake anaikumbuka: akiuliza swali alinyanyua kidole cha shahada, na hakukishusha mpaka mtu ajibu. Chai ingeweza kupoa kidole kikiwa juu. Sisi wanawake nyuma ya pazia tulisikia kimya tu, tukajua bado kiko juu.

Darsa zake zilirekodiwa kwenye kanda, kabati zima. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu. Mke wa mwanangu, ambaye kwao ni bara na kazi yake ni ya kompyuta, alinifundisha kuandika programu kwa lugha ya Python, nami nikaipenda kwa kuwa haina maneno mengi. Ndiye aliyesema, "Mama, tuzitoe hizi kanda kabla ukungu haujazila."

Tulizinakili kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Zilivuma kama mafuta ya mahamri jikoni, sauti ya Maalim ikitoka kwa mbali. Tukazipitisha kwenye programu ya kusafisha sauti, mvumo ukaondoka, darsa likarudi: yeye anauliza, wanafunzi wanajibu, jogoo wa jirani anawaingilia. Yule aliyekuwa akijibu kwa sauti kubwa kuliko wote sasa anauza vitunguu Kongowea. Wenzake wengi wametangulia mbele ya haki.

Tulimfungulia mume wangu asikilize kitandani. Swali lilipofika, kidole kilinyanyuka juu ya shuka. Wanafunzi walipojibu, kilishuka. Tangu augue sikuwa nimemwona akiwa mwenyewe kiasi kile.

Taabu ilianza nilipotaka programu ya pili, ya kugeuza yale maneno kuwa maandishi. Programu hizi hazijitoshelezi. Hutegemea maktaba, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, na kila maktaba ina matoleo yake, ya zamani na mapya. Programu ya kusafisha ilitegemea toleo la zamani la maktaba fulani ya hesabu. Ile ya kuandika ilitaka toleo jipya la maktaba hiyohiyo. Nilipoiingiza, toleo jipya likaketi mahali pa lile la zamani, na programu ya kusafisha ikagoma.

"Tuzitenge," mkwe wangu akasema. "Kila moja tuipe mazingira yake kwenye kompyuta, na maktaba zake humohumo. Hazitagusana tena."

Neno hilo la kutenga silipendi. Kwetu, mke wa mwana akiomba jiko lake, mtaa mzima huuliza kuna ugomvi gani. Tena bando lingekwisha kwa kupakua vitu vilevile mara mbili. Nikamuuliza, "Hakuna namna ya kuzipatanisha zikae pamoja?"

"Mama, hii mashine ni kaidi kama mwanao."

"Mwanangu nilimlea mwenyewe. Mashine umeileta wewe."

Akacheka, akatafuta njia. Alipata toleo jipya la programu ya kusafisha, lililoikubali maktaba mpya. Zote mbili zikafanya kazi bila kelele. Kwa kuwa hilo jipya lilisafisha vizuri zaidi, tukazipitisha kanda zote upya, na faili mpya zikafuta zile za kwanza. Tulipika pilau siku hiyo.

Asubuhi yake tukamfungulia. Sauti ya Maalim ilikuwa safi kama kwamba anazungumza humo chumbani. Akauliza swali. Kidole kikanyanyuka. Pakawa kimya. Kisha sauti yake ikasema, "Ahsante, ndivyo," ikimshukuru mtu asiyesikika.

Kidole kilibaki juu.

Likaja swali la pili, kimya. La tatu, kimya. Ndipo nilipofahamu kwamba toleo jipya lilichagua sauti moja tu, na nyingine zote likazihesabu kuwa kelele. Wanafunzi, jogoo, vikombe vya chai, vyote vimefutwa. Nikamjibu mimi: "Naam, Maalim, tumefahamu." Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyechelewa darsani. Kidole hakikushuka.

"Zima, Mama, zima," mkwe wangu akasema, naye machozi yanamtoka.

Nilizima. Nikamwambia, "Zitenge."

Kutenga hakukuwa kugumu. Kilichokuwa kigumu ni kulirudisha toleo la zamani, maana hatukuwa tumeandika popote lilikuwa toleo gani. Mkwe wangu alijaribu moja baada ya jingine ndani ya mazingira yale mapya. Mengine yaliikataa hata Python yetu, yakataka iliyotangulia, ikabidi tuitafute nayo. Mengine yaliacha mvumo, mengine yaliwameza wanafunzi. Nilikuwa nikisikiliza peke yangu kwanza, sikutaka tena kumtesa mtu wangu kwa kimya. Naye alikuwa anazidi kudhoofika, uji anaurudisha, homa haimwachi. Nikiwa juu ya mswala nilimwomba Mwenyezi Mungu kitu ambacho sijui kama kuna mtu amewahi kumwomba: toleo la programu.

Asubuhi moja mkwe wangu aliniita kutoka ukumbini. "Mama, njoo umsikie jogoo."

Tukaipeleka kompyuta kitandani. Maalim akauliza, wanafunzi wakajibu kwa pamoja, yule wa vitunguu akiwapita wote. Nilikuwa nautazama mkono wa mume wangu juu ya shuka. Haukunyanyuka.

Swali jingine. Wakajibu. Mkono umetulia vilevile.

"Labda haoni haja, Mama," mkwe wangu akaninong'oneza. "Wanajibu upesi."

Labda. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea kule sauti ilikotoka. Sikuweza kujua kama ametosheka au mkono umemshinda. Nilikiweka kidole chake kiganjani mwangu, ili kikitaka kupanda nikihisi, nikakaa hivyo mpaka darsa likaisha kwa dua na wote wakaitikia amina.

"Fungua inayofuata, mwanangu," nikamwambia.