Aliwekwa Bure

Salvator fundi cherehani alijua Kiingereza. Mtaani kwetu Cibitoke jambo hilo lilikubaliwa na wote, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulipinga. Ujanani alishona sare za wanafunzi huko Kampala, akarudi na mkasi mzuri na lugha hiyo. Mkasi ulimlisha. Lugha ilikaa tu kichwani mwake miaka mingi bila kazi, mpaka mwaka ule wa 2003 wanajeshi wa Afrika Kusini walipokuja kulinda amani, mashirika yakafuata, na ghafla kila kijana akataka kuwa mkalimani. Salvator akatundika kibao mlangoni: Suruali, Mashati, Kiingereza.

Mimi, Adija, nilikuwa nakaanga sambusa kwenye kibaraza chake, kwa hiyo nilisoma bila kuandikishwa. Alikuwa mwalimu mkali. Aliyekosea aliambiwa akasimame karibu na pasi ya makaa mpaka atokwe jasho. Na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa vitenzi vya kutendwa.

"The shirt was sewn," alikuwa akisema, akiinua shati la mteja. "Shati ilishonwa. Na nani?"

Wanafunzi wakaitupia jicho pasi.

"Si lazima kusema! Utamu yake ni hapo!"

Nilimwambia kwamba hayo tulikuwa tumeshayajua kabla ya Kiingereza chake. Wakati wa vita ile ya waasi na serikali mtaa mzima ulisema hivyo: nyumba ilichomwa, mtu alichukuliwa, barabara ilifungwa. Ukiuliza na nani, watu wanaangalia viatu vyao. Salvator akanijibu kwamba mimi nishughulike na mafuta yangu.

Aliyeuliza alikuwa mmoja tu, Daphrose, Mama Orlane, jirani yetu wa uani. Mumewe Gélase alikamatwa akirudi kutoka shamba lake la mihogo kule Carama, na mfuko wa maharage juu ya baiskeli. Ilisemwa kwamba anawalisha waasi. Ilisemwa na nani? Daphrose aliuliza swali hilo katika kila ofisi iliyokuwa na mlango, na katika kila ofisi aliambiwa arudi wiki ijayo. Alikonda hadi kitenge kikaanza kumzunguka mara mbili. Nilikuwa nikimwekea sambusa pembeni, naye anampa Orlane.

Asubuhi moja akaja mwanamke mzungu kwa miguu, matope mpaka magotini. Gari lake lilibaki na dereva kwenye lami, maana kichochoro chetu siku za mvua hakipitiki. Alikuwa wa shirika linalotembelea wafungwa. Mkalimani wake alikuwa mgonjwa, na Kifaransa chake kiliishia kwenye bonjour. Watoto wote wakamwonyesha mlango wa Salvator. Daphrose aliitwa, akaja mbio na mikono yenye sabuni.

Salvator alivaa koti kwanza. Ndipo akakaa.

"Your husband was set free," alisema mzungu polepole, huku akitabasamu.

Salvator akainua kidole ili tusimsumbue. Akaanza kulifumua lile neno kama anavyofumua pindo. Was, hapo ndipo kwenye kutendwa, hakuna shaka. Set ni kuweka. Neno hilo liko nyuma ya saa yake ya mezani, pale pa kuwekea kengele. Na free? Uso wake uling'aa. Free liliandikwa kwenye katoni za sabuni kutoka Kenya: nunua tatu, moja free. Free ni bure.

"Mama Orlane," akasema kwa sauti ya msibani, "bwana yako aliwekwa bure."

"Bure namna gani?"

"Walimuweka mule ndani bure. Hana kosa. Hata wazungu wanajua hana kosa."

"Na atatoka lini?"

Kuuliza swali kwa Kiingereza lilikuwa somo jingine, na darasa letu lilikuwa halijalifikia. "Hiyo hajasema," akajibu Salvator.

"Sasa juu ya nini anacheka?" nikauliza mimi.

"Wazungu ni vile, Dada Adija. Hata mu kilio wanacheka. Ni politesse, adabu yao."

Daphrose akaangua kilio. Mzungu akadhani ni furaha, na yeye machozi yakamtoka. Wakakumbatiana pale kati ya suruali zilizotundikwa, kila mmoja akilia kilio chake, na Salvator akajifuta macho kwa kipande cha bitana, ameridhika na kazi yake. Kisha mzungu akaaga, akarudi kwenye gari lake.

Daphrose alipika maharage na ndizi, akajitwika sufuria. "Kama walimuweka bure, mi naenda kuwaambia palepale mlangoni," alisema. Akaniachia Orlane. Gereza liko upande mwingine wa mji.

Jua lilikuwa limeshapinduka nilipomwona mtu mwembamba mwenye ndevu amesimama mbele ya mlango wa Daphrose, ameshika kufuli kwa mikono miwili. Sikumtambua mpaka Orlane alipopiga kelele.

"Adija, Mama Orlane iko wapi?" Gélase aliniuliza. "Amekimbia? Ameuawa?"

Nikamwambia ameenda kumpelekea chakula.

"Kunipelekea wapi? Mi niko huru! Wameniambia asubuhi, uko huru, enda. Muzungu alisema atapita hapa."

Salvator alikuwa mlangoni na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Huru," alisema. "Yewe, Mungu wangu. Set free. Aliachiwa huru."

Akakaa chini kwenye mabaki ya vitambaa. Sijawahi kumwona mtu akiumizwa hivyo na neno moja.

Gélase alitaka kurudi kumfuata mkewe. Tulimshika. Mtu mwenye ndevu zile, bila kitambulisho, angepita kizuizi gani cha barabarani? Kwa hiyo akakaa kwenye benchi la wateja, Orlane mapajani, akitazama kichochoro. Jua lilizidi kushuka, na amri ya kutotoka nje ilikuwa inakaribia. Salvator hakushona, hakufundisha. Mimi niliogopa waziwazi. Niliunguza sambusa sufuria nzima, na hakuna aliyenitania.

Daphrose alitokea watu wakiwa wameanza kufunga milango. Sufuria ilikuwa bado kichwani, kifuniko hakijaguswa. Alitembea huku macho yake hayaoni kitu, akaja moja kwa moja kwa Salvator.

"Mwalimu, wameniambia hayupo."

Mwaka ule neno hayupo lilikuwa na maana moja tu. Alikuwa ameuvuka mji mzima akiwa mjane.

"Mama Orlane," akaita Gélase kutoka kwenye benchi.

Akageuka. Akamwona. Akashusha sufuria taratibu bila kumwaga tone, akatoa ngata kichwani, na kwa ngata hiyo akaanza kumchapa Salvator, mabega, kichwa, koti, huku analia. Salvator alikaa akapigwa. Hatukumzuia mwanamke wa watu. Alipochoka, akaenda akakaa chini miguuni pa mumewe, akamshika kifundo cha mguu, na hakukiachia tena jioni ile.

"Munisamehe," akasema Salvator. "Niliharibu."

Gélase alikuwa ameshafungua sufuria, anakula kwa mkono. "Apana, mwalimu, hukuharibu," akasema mdomo umejaa. "Mi niliwekwa mule bure. Bure kabisa."

Tukacheka mpaka benchi likatikisika, na aliyecheka kuliko wote ni Salvator, maana alikuwa ameona upenyo. "Munasikia?" akapaza sauti. "Aliwekwa bure! Ni vile nilisema!"

Daphrose hakucheka.

"Aliwekwa na nani?" akauliza.

Salvator akaangalia viatu vyake. Mimi nikaangalia vyangu. Gélase akaendelea kula maharage.