Mjomba Niliyemkuta Rufiji

Mwaka ule soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linajengwa, na vumbi la saruji lilitua mpaka ndani ya vikombe vya chai. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali pale Posta. Tawi la chama la kazini kwetu likaandaa safari ya siku moja: tuone mabaki ya vita vya Mjerumani, halafu twende vijiji vya mtoni Rufiji tukatazame wananchi walivyohamia maisha mapya. Kila mfanyakazi aliruhusiwa kuchukua ndugu mmoja. Nilimwambia mama, akasema magoti yanamsumbua. Aliyedakia ni bibi, mama yake mama.

"Nitaenda mimi."

Mama aliacha kupeta mchele akamtazama. Bibi alikuwa Mndengereko wa huko huko Rufiji, lakini hakuna kati yetu tuliozaliwa Kariakoo aliyewahi kumwona akienda kwao. Misiba ilitokea, harusi zikafanyika, yeye akatuma salamu na doti ya kanga, basi. Tulikwisha kuzoea. Tulidhani ni uchovu wa uzee, na kumbe hata ujanani hakwenda.

Tuliondoka Jumapili alfajiri kwa basi la kukodi. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwembamba wa idara ya mambo ya kale, shati limenyooshwa vizuri, ameshika kipaza sauti cha betri. Kabla basi halijatoka Kariakoo alisimama katikati ya viti akatuambia kwamba safari yetu imeanza pale pale tulipo. Hapo, alisema, Waingereza waliweka kambi ya wapagazi wao, watu waliobeba vyakula na risasi kwa vichwa, na jina la Kiingereza la kikosi hicho ndilo ndimi zetu zililoligeuza likawa Kariakoo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimezaliwa mtaa wa tatu kutoka sokoni, na sikuwa nikijua. Nilimgeukia bibi.

"Bibi, ulijua hilo?"

"Tazama njia," alisema. Alikuwa amefunga ushungi kwa nguvu kama mtu anayeumwa kichwa.

Tulipita Mbagala, Mkuranga, Kibiti. Njia ilikuwa mchanga mtupu na mara mbili wanaume waliteremka kusukuma. Mwongozaji hakuchoka. Alitueleza habari za manowari ya Kijerumani iliyokimbilia kwenye delta ikajificha ndani ya mikoko, mitambo yake ya mvuke ikaharibika, mitambo hiyo ikavutwa nchi kavu kwa kamba mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, kisha ikavutwa tena kurudi.

"Nani waliivuta?" mtu akauliza.

"Watu," alisema mwongozaji, akafungua ukurasa mwingine wa daftari lake.

Tulifika majini karibu saa tano. Mabaki ya chuma yalikuwa ng'ambo ya mkono mmoja wa mto, na mtumbwi ulichukua watu wachache kwa zamu. Mwenye mtumbwi alikuwa mzee wa makamo ya sitini, mrefu, mkimya, kofia ya ukindu kichwani. Bibi alitaka kuingia zamu ya kwanza. Nilimshika mkono, tukakaa mbele, mwongozaji na wenzangu wawili nyuma yetu. Mzee alikuwa amesimama mbele ya mtumbwi, akipiga kafi huku akitutazama.

"Mzee wetu ni mwenyeji," alisema mwongozaji. "Hebu tuambie, mzee, vita uliviona?"

"Sikuviona. Nilikuwa mchanga, nanyonya. Ila vilinichukulia mama."

"Tuelezee, ndugu."

Mzee alisema bila haraka, na kafi lake halikupoteza mwendo. "Walikuja askari wakitaka wapagazi. Wanaume walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, wengine wamekimbia. Wakachukua wanawake. Mama akaniacha kwa mdogo wake, akabebeshwa gunia la unga. Hakurudi. Mama mdogo ndiye aliyenilea."

"Mnasikia, ndugu zangu?" mwongozaji akasema kwa kipaza sauti, ingawa tulikuwa watano tu. "Hao ndio mashujaa wetu wasiojulikana."

Hapo bibi akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Kibiti.

"Huyo mama yako mdogo, alikuwa na kovu la moto hapa?" Akagusa shingo yake, upande wa kushoto.

Kafi likasimama. Mtumbwi ukaanza kuzunguka polepole wenyewe.

"Alikuwa nalo," alisema mzee. "Amefariki, mwaka wa mafuriko makubwa."

"Ni uji," alisema bibi. "Niliukoroga mimi. Tulikuwa tunacheza."

Mimi bado sikuwa nimeelewa. Nilifikiri, ah, amekutana na mtu wa kijijini kwao, heri. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu. Kisha yule mzee, mwenye mvi nyingi kuliko mama yangu, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitika. Nilihesabu haraka haraka kichwani, miaka, vita, mama yangu, wajomba zangu wa Kariakoo ambao nilidhani ndio wote. Mama yangu alikuwa akijulikana mtaa mzima kama mtoto wa kwanza wa bibi. Kila mtu alimwita hivyo, kifungua mimba.

"Umenijuaje?" bibi aliuliza.

"Nilikujua ulipoteremka kwenye basi. Nilikwisha kukuona. Zamani nilikuja Dar na mikeka, nikaelekezwa nyumba. Nikakukuta barazani unakaanga vitumbua, mtoto mgongoni, binti mkubwa anakupulizia moto. Nikanunua viwili. Ukaniuliza, kijana, unatokea wapi? Nikasema Rufiji. Ukanyamaza, ukaniongeza cha tatu."

Binti mkubwa huyo alikuwa mama yangu.

"Kwa nini hukusema?" alisema bibi.

"Nilingoja useme wewe."

Nilitaka bibi aseme hakujua. Nilimwomba kimoyomoyo. Angeweza kusema kwamba aliuza vitumbua kwa watu wengi, atamkumbuka yupi. Badala yake alimtazama usoni, sawasawa.

"Nilijua," alisema. "Ulipokuja tu. Una masikio ya baba yako."

Mwongozaji alikuwa amekishusha kipaza sauti mapajani, akikizungusha zungusha. Mwishowe alikohoa. "Ndugu, maji yanakupwa. Tukichelewa tutanasa." Yale mabaki ya manowari tuliyoyafuata safari nzima tuliyapita kwa mbali: vyuma vyeusi viwili vitatu vimetokeza kwenye tope, ndege amesimama juu yake. Sikuwa na macho ya kuviona.

Tuliporudi ukingoni bibi alitaka kaburi la mdogo wake. Wenzetu walipelekwa kijiji kipya, juu, kando ya barabara, kuona zahanati na shamba la pamoja. Sisi watatu tulishuka kijiji cha zamani. Nilipata mshtuko mwingine pale. Nyumba zilikuwa zimesimama bila mapaa, milango haipo, mihogo imekuwa msitu. Ilionekana kama vita vimepita juzi.

"Makuti tulishusha wenyewe," mzee alinieleza. "Tuliambiwa tuhame kabla ya mvua. Kule juu hakuna mafuriko, ni kweli. Na mpunga haukubali."

Kaburi lilikuwa nyuma ya kisima. Bibi alikaa chini mchangani, akasoma Fatiha, kisha akapiga kifua chake mara moja, kwa ngumi, kwa nguvu hata nikaruka. Mzee alisimama pembeni akiwa amevua kofia. Hawakukumbatiana. Tulipoagana mzee aliniambia mimi, si bibi, "Mpwa wangu, mtunze." Niliitika, "Ndiyo, mjomba," na neno lile lilikuwa geni mdomoni mwangu, kwa kuwa nilikuwa nimemfahamu kwa saa tatu.

Kwenye basi sikuweza kuvumilia.

"Kwa nini, bibi?"

Alijibu tulipofika Mkuranga. "Askari alisema mwenye mtoto mgongoni hawezi mzigo, mtoto atatupwa njiani. Nilimwona mmoja akitupwa. Basi nikamwachia mdogo wangu. Vita vilipokwisha, nikiwa kambi ile ya Kariakoo, niliambiwa kijiji chote kimekufa kwa njaa. Nikaolewa na marehemu babu yako, nikamwambia sijazaa. Baadaye nikasikia kwamba mtoto yu hai." Akashusha pumzi. "Ningemwambia vipi babu yako? Nilisema nitasema mwakani. Mwaka ukafika, nikasema mwaka unaofuata."

"Na alipokuja mlangoni?"

"Babu yako alikuwa ndani, amelala."

Hilo tu. Nilimtazama yule mwanamke aliyenifundisha kuswali na kusuka ukili, nikaona simjui.

Asubuhi yake alimwambia mama mwenyewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akatoka nje na ndoo ingawa maji yalikuwapo tele. Kwa siku nyingi hakumsemesha bibi. Alimwekea chakula mkekani na kuondoka. Mimi nilikuwa katikati, nikipeleka maneno: mwambie mama yako chumvi imekwisha, mwambie bibi yako ipo.

Kisha Ijumaa moja mama akafunga furushi, magoti yake hayo hayo, akapanda basi la Kibiti peke yake. Alikaa huko siku nne. Aliporudi uso ulikuwa umevimba, na hakutusimulia lolote ila kwamba kaka yake anapenda chai ya rangi, bila tangawizi.

Mjomba alikuja Kariakoo mara tatu kabla bibi hajafariki. Walikaa barazani yeye na mama yake, viti viwili, wakitazama wapita njia, na mimi niliwapelekea chai, ya mjomba bila tangawizi. Kama mjomba alimsamehe, sijui. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumwuliza, na sikumwuliza.