Swali Ambalo Mkwe Hakuliuliza

Nakumbuka Jumanne moja, miaka michache baada ya ile vita kuu ya pili, wimbi likianza kukomaa shambani, mama yangu alipopoteza mimba ya miezi minne. Hakupata nyingine tena. Jambo hili sijawahi kuliandika, lakini mwezi uliopita tulimzika mume wangu Mokaya, na wewe, mjukuu wangu, uliniambia pale matangani kwamba umepata nafasi ya kusomea kazi ya dawa, kazi aliyoifanya yeye mpaka nguvu zikamwisha. Shule yangu iliishia darasa la nne. Nitaandika polepole, nawe usome polepole.

Mokaya alikuwa mtoa dawa katika zahanati ndogo karibu na Keumbu. Wagonjwa walipanga foleni nje ya dirisha, kila mmoja na chupa yake mkononi, naye alipima na kumimina. Ukutani palibandikwa sheria za kazi. Mojawapo ilisema mwanamke asipewe dawa ya minyoo kabla ya kuulizwa kama ana mimba, maana dawa ya siku hizo ilikuwa kali, na mimba changa haikuistahimili. Sheria hiyo Mokaya aliijua kama alivyolijua jina la baba yake. Kujua hakukuwa tatizo lake.

Nyinyi wa leo mnakumbatiana na wakwe zenu, wala sina ugomvi nanyi. Sisi Wagusii wa zamani tulikuwa na chinsoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu. Mkwe hakumtazama mama mkwe usoni. Hakumshika mkono. Wakikutana njiani, mmoja aliingia majanini hadi mwenzake apite. Kumtajia habari za mwili wake? Afadhali mtu ang'olewe jino. Na usimfikirie mama mkwe kuwa ajuza. Mama alinizaa akiwa msichana, nami nikaolewa mapema, kwa hiyo Mokaya alikuwa na mama mkwe ambaye bado angeweza kubeba mtoto mgongoni na mwingine tumboni.

Siku moja kabla, Jumatatu, mama alifika pale dirishani, minyoo ikimsumbua. Nyuma yake katika foleni alisimama jirani yetu Kerubo, mwanamke mwenye maneno kuliko redio. Ndiye aliyekuja kunisimulia jioni, akishika kiuno kwa kucheka.

"Moraa, mumeo leo ametuvunja mbavu! Alipomwona mama yako, akageukia ukuta. Anaongea na rafu kana kwamba rafu ndiyo iliyomzalia mke! 'Mwambieni anywe asubuhi. Mwambieni asile kitu kwanza.' Nasi foleni nzima tunaitikia, 'Mama, ukuta unasema unywe asubuhi!'"

Nilicheka sana. Nilimpenda Mokaya kwa adabu yake hiyo, na siwezi kukudanganya, nampenda kwayo mpaka leo.

Kesho yake asubuhi mama aliinywa dawa, na mchana ndugu yangu alikuja mbio kuniita. Nilipofika kwa mama nilikuta wanawake wamemzunguka, na mkunga ananawa mikono kwa maji yaliyokwisha kuwa mekundu. Mama alikuwa hai, lakini uso wake ulikuwa kama majivu. Wanawake walipotoka alinivuta karibu.

"Moraa, usimwambie mumeo."

"Nitamwambia nini basi?"

"Mwambie niliteleza mtoni nikiteka maji. Akijua, atanipitaje tena njiani? Na wakubwa wake wakijua, watamfukuza. Wajukuu wangu watalala wapi?"

Tazama upendo huo. Damu yake haijakauka, naye anamfikiria mkwe.

Nilirudi nikiwa na uongo huo mdomoni kama jiwe la moto. Lakini Mokaya aliponiuliza, "Mama yu hali gani?", jiwe lilianguka lenyewe. Nilisema, "Mimba imeharibika." Alikuwa akifungua kamba za viatu. Aliacha kiatu kimoja mguuni.

"Sikumuuliza," alisema.

"Mkwe gani angeuliza?"

"Mkwe hakuwa kazini, Moraa. Kazini alikuwa mtoa dawa."

Nilimweleza aliyoyasema mama kuhusu kuteleza mtoni. Nilimwambia pia kwamba hakuna mtu aliyemshtaki, na kwamba nyumba tuliyoishi ilikuwa ya zahanati, wala hatukuwa na nyingine ila kibanda cha mama yake kule Nyamira. Alisikiliza yote. Kisha akasema anaenda hospitali ya Kisii kujisema mwenyewe, maana angeweza kumficha daktari wa huko, na angeweza kuwaficha watu wote wa Keumbu, lakini kila mwanamke atakayekuja na chupa atamkumbusha. Sikumzuia tena. Alfajiri tulitoka pamoja kwa miguu, mtoto mgongoni kwangu, na njiani hatukuongea sana.

Mkubwa wa watoa dawa alikuwa Mzee Rajabu, Mwislamu wa pale mjini, mpole wa sauti na mkali wa macho. Alituketisha kwenye benchi.

"Nani amekushtaki?" aliuliza.

"Hakuna, Mzee."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kujishtaki."

Mokaya akaeleza kila kitu, kuanzia foleni mpaka kwenye damu. Mwisho akasema, "Mzee, wewe si Mgusii, labda hutaelewa. Ningewezaje kumuuliza mama mkwe wangu habari za tumbo lake?"

"Mimi pia nina mama mkwe, kijana," Mzee Rajabu akajibu. "Na wangu ana ulimi! Sikiliza. Aibu si kosa. Asiye na aibu simpi funguo za kabati langu. Lakini mkunga wenu alikuwa wapi? Wanawake wa foleni nzima walikuwa wapi? Ungesema, 'Huyu siwezi kumhudumia, aitwe mwanamke amuulize.' Hata kumrudisha nyumbani bila dawa kungekuwa heshima. Kosa lako ni kwamba aibu ilikushika, ukajua imekushika, na bado ukaendelea kumimina."

Mokaya aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nalia, Mzee Rajabu akamchukua mtoto wangu akampakata huku akiendelea kumkemea baba yake. Sijawahi kuona mtu akikemewa kwa upole namna ile.

Daktari aliambiwa, na hukumu ikatoka siku hiyohiyo. Funguo alinyang'anywa. Angebaki Kisii akiosha chupa chini ya macho ya Mzee Rajabu, wala asimpe mtu hata tone la dawa, mpaka mzee mwenyewe aridhike. Mimi nilihamia Nyamira na watoto, kwenye kile kibanda. Sokoni walinisema. "Mke wa daktari siku hizi analima kama sisi!" Nililima. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini shamba halijui habari hiyo, lataka jembe tu.

Mama alipopata nguvu na kusikia yaliyotokea, alikasirika. Akajifunga kitambaa kichwani, akanipitia, tukaenda Kisii. Alimsimamia Mzee Rajabu mlangoni kama mtu aliyekuja kudai ng'ombe wake.

"Mimi ndiye niliyeharibikiwa mimba," alisema. "Kama kuna mtu wa kulalamika ni mimi, na mimi silalamiki. Mrudishieni mkwe wangu kazi yake."

Mzee Rajabu alimpa kiti kwanza. Kisha akasema, "Pole sana, mama. Lakini adhabu hii hatukumpa ili kukulipia kisasi. Tunamwekea yule mwanamke atakayesimama dirishani baada yako, ambaye hajui lolote, na ambaye mtoa dawa wake huenda asiwe na moyo wa kuja kujisema."

Mama alitazama dirishani, ambako Mokaya alionekana uani ameinama juu ya beseni la chupa, mgongo kwetu.

"Basi mfundisheni vizuri," alisema.

Alikuwa amebeba kapu la viazi vitamu. Hakumpelekea mkononi, maana chinsoni ilikuwa palepale. Aliliweka chini penye njia aliyopita Mokaya kwenda kula, akarudi nyuma hatua kadhaa, akageuka. Kisha, kwa sauti ya kusikika, akauambia ukuta wa hospitali, "Mwambieni mkwe wangu ale. Amekonda." Mokaya, bila kuinua kichwa, akaliambia beseni, "Mwambieni mama nimeshukuru. Mwambieni nimekosa, anisamehe." Na mama akaujibu ukuta, "Mwambieni nilishamsamehe siku ileile." Wagonjwa waliokuwa uani walidhani hao ni wazimu wawili. Mzee Rajabu alitoa kitambaa akapangusa macho.

Yalipita mavuno na mavuno mengine kabla Mokaya hajarudishiwa funguo. Aliporudi dirishani alikuwa mtu mwingine, au tuseme mtu yuleyule aliyekomaa. Kila akikutana na mgonjwa ambaye chinsoni ilimzuia kumhoji, alifunga kabati na kumwita mwanamke wa kuuliza kwa niaba yake, hata foleni ilalamike. Ililalamika. Hakujali.

Mjukuu wangu, sikuandikii ili umdharau babu yako. Alikosa siku moja, kwa sababu ya moyo mzuri, na hilo ndilo linalonitisha: moyo mzuri nao huweza kumwaga damu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Utakapovaa hilo koti jeupe, watakuja mbele yako mwalimu wako, mchungaji wako, rafiki yako, na mama wa mtu utakayemwoa. Waheshimu wote, lakini waulize. Ukishindwa kuuliza, tafuta wa kuuliza. Ukimkosa, usimimine. Na ukikosea, maana utakosea, usingoje mtu akushtaki. Nenda mwenyewe, alfajiri, hata kwa miguu. Adhabu itauma, lakini usiku utapata usingizi.

Mungu aliyempa mama yangu moyo wa kusamehe akupe nawe ulimi usioogopa kuuliza. Wakupende wakubwa wako kama Mzee Rajabu alivyompenda Mokaya, kwa kukukemea usoni. Na atakayeondoka dirishani kwako na chupa mkononi, afike kwake salama, yeye na aliye ndani yake.