Kidole Changu na Taa Nyekundu

Tangu jana, harufu ya soudure, ile risasi ya kuunganisha nyaya ya baba mudogo, hainitoki puani. Kule Mususa, nikiwa mutoto, mvua ikigonga mabati ya atelie yake ya kutengeneza redio, alinipa bouton nijaribu: ukifinya mara moja taa nyekundu inawaka, ukifinya tena inazimika. Nilifinya mara moja. Taa iliwaka, ikazimika palepale.

«Umefinya mara mbili.»

«Hapana, baba mudogo, moja tu!»

Alinipigisha magoti eti nimesema uongo. Niliamini kidole changu kina zambi, nikakiombea kanisani.

Leo fundi ni mimi. Najua kibati cha ndani ya bouton kinarukaruka kabla ya kutulia, na taa inahesabu kila kuruka kama kufinya. Jana binti yangu alifinya; taa ikawaka, ikazimika.

«Umefinya mara mbili!»

Sauti ilikuwa yangu. Nilishituka. Binti alikuwa ameshaficha kidole nyuma ya mugongo.