Hodi ya Supra

Mume wangu Khelef havuti sigara, hakeshi barazani, na mke wa pili hana. Ana Supra. Nyekundu, ya mwaka tisini na nne, aliinunua kabla hajanioa, na tukigombana hunikumbusha nani kamtangulia nani. Ofisini kwao, hapa Ibra, Omani, ni mtu mpole anayegonga mihuri kwenye karatasi za maji. Akishika usukani anarudi kuwa na miaka kumi na tisa.

Mimi gari lile silipendi. Linanuka petroli, halina pa kuweka gunia la mchele, na lilikuwa linagonga chini miaka ishirini na sita bila mtu kulishughulikia. Agosti mwaka jana tulikuwa tunatoka Fanja kwa dada yangu. Tulipoipita Bidbid mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Nikamwambia asimame. Akasema mshale huo mwongo. Kilomita tatu mbele injini ikatoa mlio mmoja, ukafuata moshi, kisha kimya, na mimi nikakaa kando ya barabara juani na bakuli la halua mapajani. Halua ikayeyuka. Kusema kweli, nilifurahi.

Furaha yangu haikudumu, kwa sababu ya mama mkwe. Bi Kuruthum ana miaka themanini na sita, amezaliwa Malindi, Unguja, na macho yake sasa yanaona mwangaza tu. Kazi za nyumba ametuachia zote isipokuwa moja: kumfungulia Khelef geti akirudi kazini. Kila alasiri alikaa kitini kwake barazani, na gari likiwa bado lipo mtaani alisema, "Karibu, mwanangu." Anainuka, anashika ukuta, anakwenda hatua kumi na nne mpaka kwenye komeo. Daktari alituambia tusimzuie kabisa, hatua hizo ndizo zinazomsimamisha.

Khelef akaanza kurudi na gari la kazini, ambalo halina sauti kabisa. Mama hakuinuka tena.

"Umeingiaje?" alimwuliza mwanawe aliyeinama kumbusu mkono. "Sikusikia hodi."

Khelef akajaribu kupiga hodi kwa mdomo pale getini. "Ushafika!" mama akamjibu kutoka kitini. "Miye n'inuke nifanye nini tena?" Ulipoingia mwezi wa tatu tangu Supra ife, hata kwenda msalani ilibidi ashikwe.

Hapo Khelef akaapa kuwa Supra itarudi barabarani. Injini kama ile ya kwanza haikupatikana. Fundi Tamim, kijana wa Sur mwenye karakana hapa kwetu, akamshauri atie ya silinda nane, kutoka Lexus iliyokwisha kuwa chuma chakavu. "Itaingia, ammi Khelef," alisema. "Makina kubwa, lakini mzuri."

Iliingia kwa miezi mitano. Bakuli la oili liligonga chuma cha mbele, likakatwa na kuchomelewa upya. Mikono ya kushikia injini ilitengenezwa mara mbili. Nyaya zote zililetwa kwangu, zikatandazwa juu ya busati la wageni, kila moja na kikaratasi chake, na Fawziya, jirani yetu, alipokuja kunitazama nilimkaribisha jikoni. Bolti zilirowekwa katika sufuria langu la maandazi. Sufuria hilo nimelitupa.

Kibali cha polisi kikatoka, injini ikaandikwa kwenye mulkiya, kadi ya gari, na Khelef akaja mtaani kwa mara ya kwanza akiwa amevaa kilemba cha Idi. Mngurumo wa gari uliwatoa majirani nje. Mama akageuza uso, akaniambia:

"Turkiya, mwambie huyo mgeni Khelef hayupo."

Wakabadilisha ekzosi. "Huyo ana kifua," akasema mama. Wakabadilisha tena. "Huyo kashiba." Mara ya tatu: "Huyo si wa mtaa huu." Tamim akakuna kichwa na kuomba ruhusa aende kusali.

Khelef akakaa kizingitini, kofia mkononi. "Nimetia silinda nane, Turkiya," aliniambia, "na mama hajui kama ni mimi." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mimi nikaona haya kwa jinsi nilivyofurahi ile siku ya halua.

Nikaenda kwa mama nikakaa miguuni pake. "Mama, zamani Khelef alikuwa akinguruma vipi?"

"Kunguruma, magari yote yanguruma. Khelef alikuwa akipiga hodi. Akifika pale kwenye tuta la Fawziya." Akagonga mkono wa kiti mara mbili. "Ko-ko."

Hapo nikakumbuka. Siku injini ya zamani ilipotolewa, nilimpelekea Tamim chakula cha mchana, na kwa siri nikamwomba akaze kila kinachogonga chini ya gari lile. Alikaza. "Walla, khalti, hakuna kitu inagonga sasa," aliniambia, na mimi nikamwongezea sambusa.

Nilimwambia Khelef yote, bila kujitetea. Akaniuliza:

"Sambusa pia?"

"Pia."

Akachukua spana, akalala chini ya gari, akalegeza bolti moja ya bati linalokinga joto la ekzosi. Kisha akalirudisha gari mpaka mwisho wa mtaa.

Nilisimama karibu na geti. Silinda nane zikaja zikinguruma, na mama hakutikisika. Gari likapanda tuta.

Ko-ko.

"Karibu, mwanangu!"

Alijaribu kuinuka, akarudi kitini. Mkono wangu ulikuwa karibu na komeo, nikaurudisha nyuma. Alipojaribu tena akainuka, akaushika ukuta. Nilizihesabu hatua zote kumi na nne, na Khelef, asiyeweza kungoja taa nyekundu, alingoja nje mpaka geti likafunguka.

"Umechelewa leo," mama akamwambia.