Ramani Moja kwa Mtu Mmoja

Jamani, aibu hii nimeikwepa miaka mingi, leo acheni niitoe. Miaka ile ya sabini nilirudi kutoka migodini Zambia nikakuta watu wa kwetu, bondeni nyuma ya Igowole, Mufindi, wameshahamishiwa vijiji vipya, nyumba zimemezwa na magugu, basi nikawa natangatanga tu, mara Iringa mara Mbeya, mpaka mtu akaniambia ramani za serikali bado zina vijiji vya zamani. Nikaingia ofisi ya ramani Mbeya kutafuta kwetu.

Karani, mama wa maneno machache, alikuwa na sheria: mtu mmoja, karatasi moja ya ramani kwa siku, maana meza ni moja na foleni inafika nje. Nikaomba ya kwanza kwa kubahatisha namba, kumbe ni Usangu, mabwawa matupu.

"Nyingine kesho, ndugu."

Badala ya kutii nikaenda kuwalainisha watu wa foleni, mama muuza vitunguu wa Mbalizi na Msukuma mmoja mfugaji, kila mmoja aniombee karatasi moja ya Mufindi, maana ziko kadhaa. Tukagawana karanga, tukacheka (nikajiona na mimi nina watu).

Karani akampa yule mama karatasi. Msukuma alipoomba naye, akavua miwani.

"Baba, ng'ombe wako wapo Usangu. Mufindi unatafuta nini?"

"Mimi? Nimetumwa na yule mwenye koti."

Enzi hizo, vita vikiwa ng'ambo ya Zambia, anayekusanya ramani kwa mikono ya wenzake ni jasusi tu. Askari wa mlangoni akanikamata kola mbele ya foleni nzima.

"Nani anakufahamu hapa Mbeya?"

Nikamtazama mama wa Mbalizi.

"Afande, karanga zake nimekula, lakini simjui."

Watu wakaangua kicheko.

"Na Iringa?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa ramani ya nini?"

"Nataka kuona kwetu, afande."

Kicheko kikakatika, na huruma yao iliniuma zaidi. Karani akatandaza karatasi aliyoiomba yule mama, apime uongo wangu. Nikaweka kidole: mto, kilima, jina la kijiji chetu kwa herufi ndogo kama sisimizi.

"Anaishi nani hapa?" karani akauliza.

"Hakuna."

Akaikunja taratibu. "Umeshapaona. Nenda."

Tangu siku hiyo nikiambiwa moja kwa siku nachukua moja, natafuta gesti, narudi kesho yake. Hata leo najiuliza nilikuwa nakimbilia wapi, wakati hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akiningoja.