Miaka ya Kadi ya Sostenes

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti na mbele ya wageni waalikwa, kwamba katika nchi hii hakuna mgonjwa atakayenyimwa tiba kwa sababu ya umri wake. Edina alilisikia tangazo hilo redioni, kijijini Chang'ombe, akimsafishia mumewe bomba la shingoni. Akaongeza sauti.

Mumewe, Sostenes, alikuwa mnadi wa ng'ombe kule Mpwapwa. Sauti yake ilitangulia vumbi la mnada. Kisha bodaboda ikamwangusha, akalazwa wiki tano akiwa na mpira wa kupumulia kooni. Mpira ulipotolewa, kovu likabaki, likabana njia ya hewa. Tangu hapo alipumua kwa tundu lililotobolewa shingoni na kutiwa bomba, na kuongea kwa kuliziba kwa kidole.

Mtendaji wa kijiji alipowaambia kuwa wenye sitini hutibiwa bure, Sostenes alikuwa na hamsini na moja, na mvi za kurithi. Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho.

"Niandike sitini?" mtendaji aliuliza.

Sostenes akaziba tundu. "Sitini na tano! Nani zaidi?"

"Baba Yasinta, acha utani," Edina alisema, naye anacheka.

"Sabini! Sabini na mbili, mara ya kwanza, mara ya pili..."

Mtendaji akaandika hivyo kwenye kadi ya matibabu, akagonga muhuri. Huo ndio ukawa mnada wake wa mwisho.

Daktari Fabian, kijana mpole, alieleza kwamba kipande cha njia ya hewa chenye kovu hukatwa, ncha mbili zikaunganishwa. "Angekuwa na hamsini, mama, ningempangia wiki ijayo. Kwa sabini na mbili, naogopa mshono hautashika. Tumwache na bomba lake."

"Ana hamsini na moja, daktari. Tulidanganya."

Daktari alitazama kadi, akatazama mvi. "Basi leteni kiapo cha mahakama."

Kiapo kilitaka shahidi anayejua alizaliwa lini. Paulina, mama yake Sostenes, akapanda basi kutoka Mlali. Hakimu alikuwa semina. Akaja mara ya pili. Semina iliongezwa siku. Kabla ya mara ya tatu, makohozi yaliganda na kuliziba bomba, Sostenes akiwa peke yake uani, hana sauti ya kuita mtu. Edina alikuwa kisimani. Hadi leo hakisamehe kile kicheko chake cha siku ya muhuri.

Kibali cha kuzika kiliandikwa: umri, miaka sabini na mbili, sababu ya kifo, uzee. Aliyekipokea, kwa dole gumba, ni mama mzazi wa marehemu, mwenye miaka sitini na tisa.